Maswali ya Wasomaji: Gari la Kwenye Gemu Lina Nguvu Kiasi Gani?

Gari la kwenye gemu lina vipimo kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni kadi, yaani maelezo anayoonyeshwa mchezaji au yaliyomo kwenye hadithi ya gemu. Ya pili ni faili, yaani namba ambazo programu yenyewe inazisoma. Ya tatu ni barabara: gari linavyokwenda ukilipima kwa saa na rula. Mabishano mengi kuhusu magari haya yanatokea pale mtu anapochukua uzito kutoka kwenye kadi, kasi kutoka kwenye faili na muda kutoka barabarani, kisha anazitia zote kwenye hesabu moja. Maswali ya toleo hili tumeyajibu kwa kutenganisha hizo tatu.

Kwenye GTA San Andreas, faili la handling.cfg linaipa Infernus uzito wa 1400 na kasi ya juu ya 240. Wapo wanaosema gari hilo lina nguvu za farasi 500, wengine 600. Faili halitaji nguvu za farasi popote. Wanazitoa wapi, na mimi nitazipataje?
*Mpenda Spidi*

Wengi wanazitoa kwenye sura ya gari. Infernus inafanana na magari halisi ya kifahari, basi wanaazima nguvu za gari linalofanana nayo. Hiyo ni kukisia, hata ikiandikwa kwa namba kamili.

Njia ya kuhesabu ni hii. Gari likiwa kwenye kasi yake ya juu, barabara tambarare, injini inapambana na vitu viwili tu: hewa na tairi. Nguvu inayoliwa na hewa ni nusu ya uzito wa hewa kwa mita ya ujazo (1.225), mara kizio cha ukinzani wa bodi (namba inayoonyesha umbo la bodi linavyozuiwa na hewa), mara eneo la uso wa gari, mara kasi kipeo cha tatu. Inayoliwa na tairi ni takriban 0.012 mara uzito mara 9.81 mara kasi.

Kilomita 240 kwa saa ni mita 66.7 kwa sekunde. Kwa gari la chini la michezo, ukinzani wa 0.33 na uso wa mita za mraba 1.95 ni makadirio ya haki. Vikizidishwa vinatoa 0.64. Hewa inakula kilowati 116. Tairi, kwa kilo 1400, zinakula kilowati 11. Jumla ni 127. Giaboksi na difu hupoteza kiasi njiani. Tukichukua asilimia 15, injini inatakiwa kutoa kilowati 150, yaani nguvu za farasi 200 na ushei.

Farasi 200 kwa gari lenye sura ile! Hesabu haina kosa, lakini inajibu swali dogo: nguvu ya chini kabisa inayotosha kushikilia kilomita 240. Haisemi lolote kuhusu gari linavyoondoka. Kwa hilo unahitaji muda wa kutoka 0 hadi 100, ambao lazima uupime mwenyewe barabarani. Tuseme umepata sekunde 4. Kilo 1400 zinazokwenda mita 27.8 kwa sekunde zina nishati ya kilojuli 540. Gawanya kwa 4, unapata wastani wa kilowati 135. Lakini wastani si kilele. Magemu mengi ya zamani husukuma gari kwa mchapuko unaokaribia kuwa sawa tangu mwanzo, na hapo nguvu inayohitajika hupanda pamoja na kasi, kiasi kwamba ikifika 100 ni maradufu ya wastani: kilowati 270 kwenye tairi. Ongeza kile kinachopotea kwenye giaboksi, unafika farasi 430 hivi.

Kwa hiyo una majibu mawili, 200 na 430, na yote ni halali. Usiyatafutie wastani. Tofauti hiyo inakwambia kwamba 240 si kasi ambayo injini imeishiwa nguvu. Ni dari iliyowekwa na mtunzi wa gemu. Unaweza kuhakikisha kwa kutazama kasi inavyopanda kilomita 20 kwa saa za mwisho. Gari linaloshindwa na hewa huzipanda polepole mno, kila kilomita ikichukua muda mrefu kuliko iliyotangulia. Gari lenye dari hupanda kwa nguvu, kisha linakwama ghafla.

Tahadhari moja kubwa: faili hilohilo lina safu ya ukinzani wa hewa, na Infernus imepewa 1.5. Hicho si kizio cha ukinzani wa bodi kama kinavyojulikana kwa magari halisi. Ni kizidisho cha ndani cha gemu. Ukikiweka kwenye kanuni ya hapo juu, utapata gari linalohitaji injini ya treni. Vilevile uzito usikushughulishe sana unapotafuta nguvu ya kasi ya juu. Umeona tairi zinachukua kilowati 11 tu kati ya 127. Kwenye mchapuko, hapo uzito ndio kila kitu.

Spidomita ya gemu ninalocheza inaonyesha 200 lakini gari linaonekana kama linakwenda 120. Nitajuaje kasi halisi? Sina programu yoyote zaidi ya kurekodi skrini.
*Jicho Kali*

Kurekodi kunatosha. Jicho peke yake halitoshi, kwa sababu magemu mengi hupanua upeo wa kamera gari linapoongeza kasi na kutia ukungu pembezoni mwa skrini. Gari lilelile kwa kasi ileile huonekana la haraka au la pole kutegemea kamera ilipo.

Kwanza hakikisha video ina fremu 60 kwa sekunde zisizobadilika. Programu nyingi za kurekodi, hasa za simu, hupunguza fremu kimyakimya kifaa kikichoka. Ukihesabu fremu za video ya namna hiyo unahesabu upepo. Fungua video kwenye programu ya kuhariri, sogeza fremu moja moja, uone kama kuna zinazojirudia. Zikijirudia, shusha ubora wa picha za gemu na urekodi upya.

Pili, tafuta rula. Rula iliyo karibu zaidi ni gari lenyewe. Chagua gari unalojua urefu wake, au ambalo umekubali urefu wake (saluni ya kawaida ni mita 4.5 hivi), liegeshe pembeni ya barabara iliyonyooka, lipige picha kutoka ubavuni, lisogeze urefu wake mmoja, piga tena, mpaka uwe umepima umbali kati ya nguzo mbili za taa. Mara nyingi nguzo hupangwa kwa nafasi sawa, hivyo ukishapata nafasi moja unazidisha tu. Kama gemu linaonyesha namba za mahali ulipo kwenye ramani, umerahisishiwa: rekodi namba za nguzo ya kwanza na ya mwisho, toa, basi.

Tatu, pita kwenye nguzo ya kwanza ukiwa tayari umefikia kasi unayotaka kuipima. Hesabu fremu kuanzia bampa la mbele linapofika sambamba na nguzo ya kwanza hadi linapofika sambamba na ya mwisho. Mita 100 kwa fremu 120 ni sekunde 2, yaani mita 50 kwa sekunde, kilomita 180 kwa saa. Kosa lako la kawaida ni fremu moja kila upande. Mbili kati ya 120 ni asilimia 1.7. Ukitumia mita 20 badala ya 100, fremu ni 24 tu na kosa hilohilo linakuwa zaidi ya asilimia 8. Ndiyo maana vipimo vya umbali mfupi havikubaliani kamwe.

Usipime kwa saa ya ndani ya gemu. Kwenye San Andreas, dakika moja ya gemu ni sekunde moja ya kweli. Ukisahau hilo, gari lako litaonekana linakwenda mara 60 polepole kuliko kweli.

Sasa rudi kwenye spidomita. Pima kasi ya kweli wakati inaonyesha 50, 100, 150 na 200, kisha gawanya ulichopima kwa kilichoonyeshwa. Ukipata, tuseme, 0.7 mahali pote, mtunzi amekuza namba ili mchezaji afurahi, nawe utazidisha inachoonyesha kwa 0.7 tu. Uwiano ukibadilika kadiri kasi inavyopanda, spidomita hiyo ni pambo. Usiitumie kwa chochote.

Ukiwa bado na video, pima na breki. Kutoka 100 hadi kusimama ndani ya mita 28 ni mchapuko hasi wa 13.8, yaani mara 1.4 ya mvutano wa dunia. Tairi nzuri za barabara za kweli hucheza karibu na 1. Kisha zunguka duara la nusu kipenyo cha mita 30 kwa kasi kubwa kabisa isiyokutoa nje. Ukiweza mita 20 kwa sekunde, umepata 1.36. Namba mbili zinazokaribiana hivyo, moja ya breki na moja ya kona, zinaonyesha kwamba gemu linatumia mshiko mmoja kwa pande zote, na kwamba vipimo vyako viko sawa.

Nimesoma kwamba gari la Rocket League, gemu la kucheza mpira kwa magari, lina kasi ya juu ya 2300. Ni 2300 nini? Na je, hilo ni gari dogo la kuchezea au gari la kweli?
*Golikipa*

Ni yuniti za gemu kwa sekunde. Wachezaji wanaochambua namba hizi huchukua yuniti moja kuwa sentimita moja, na kwa kipimo hicho 2300 ni mita 23 kwa sekunde: kilomita 83 kwa saa. Bila busti (msukumo wa ziada wa muda) gari linaishia 1410, karibu kilomita 51.

Swali lako la pili ndilo tamu. Uwanja wenyewe una urefu wa yuniti 10240 na upana wa 8192. Kwa sentimita hiyo ni mita 102 kwa 82, unaelekea ukubwa wa uwanja wa mpira wa kawaida. Vizuri. Lakini sanduku la mgongano (umbo ambalo gemu hulitumia kujua gari limegusa nini) la gari la Octane lina urefu wa yuniti 118, yaani mita 1 na sentimita 18. Mvutano wa kwenye gemu ni 650, yaani mita 6.5 kwa sekunde kila sekunde, theluthi mbili ya ule wa dunia. Ukikubali sentimita, una kigari cha kuchezea kwenye uwanja wa watu, mahali ambapo vitu vinadondoka taratibu kidogo.

Sasa kataa sentimita. Sema Octane ni gari kamili la mita 4.2. Kila urefu unazidishwa kwa 3.56. Kasi ya juu inakuwa mita 82 kwa sekunde, kilomita 295 kwa saa. Uwanja unakuwa na urefu wa mita 364. Na mvutano? Unakuwa 23.1, zaidi ya mara mbili ya wa dunia. Dereva angekuwa na hali mbaya. Hakuna kipimo kimoja kitakachokupa gari la kawaida, uwanja wa kawaida na mvutano wa kawaida kwa pamoja. Unachagua kimoja kiwe cha kweli, na viwili unaviacha viende vinakotaka. Kwa maoni yetu, anayechambua mwendo ashike mvutano uwe wa kweli kwanza, maana ndio unaotawala muda wa kuruka na kutua. Urefu wa gari ni kazi ya mchoraji.

Ukikutana na gemu jingine, jua limetengenezwa kwa injini gani ya gemu. Unity huchukua yuniti moja kuwa mita moja na mvutano wa 9.81. Matoleo ya sasa ya Unreal huchukua yuniti moja kuwa sentimita, na mvutano wa 980. Source, iliyobeba Half-Life 2 mwaka 2004, hupimwa kwa yuniti 16 kwa futi moja, hivyo yuniti ni karibu sentimita 1.9. Hizo ni desturi tu, mtunzi anaweza kuzibadili. Njia ya kuhakiki ni kudondosha kitu kutoka kwenye paa la urefu unaoujua: zidisha urefu kwa 2, gawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. Usipopata unachotarajia, ama kipimo chako cha urefu kina kosa, ama mtunzi amebadili mvutano.

Blue Falcon, chombo cha mbio cha gemu la F-Zero, ina kilo 1260 na alama B, C, B. Nizigeuzeje herufi hizo kuwa namba?
*Rubani wa Chini*

Hazigeuki. Herufi zinapanga nani yuko juu ya nani kwenye uimara wa bodi, busti na mshiko. Hazisemi ni kwa kiasi gani. B inaweza kuzidi C kwa asilimia 3 au 30. Ukitaka namba, pima: fanya mzunguko mmoja na busti, mmoja bila, kwenye njia ileile.

Lenye faida zaidi ni kulinganisha matoleo. Katika gemu la kwanza la mwaka 1990, kasi ya juu ya chombo hicho ni kilomita 457 kwa saa. Kwenye matoleo ya baadaye skrini huvuka 1000, na uzito ni uleule wa kilo 1260. Kwa kuwa nguvu inayoliwa na hewa hupanda kwa kipeo cha tatu, kutoka 457 hadi 1000 kunahitaji nguvu zaidi ya mara 10. Ukichukua ukinzani na uso vikizidishwa kuwa 0.5, ni kutoka kilowati 626 hadi 6,560. Chombo kinaelea, kwa hiyo tairi hazimo kwenye hesabu. Zaidi ya hapo usiende na kanuni hii: ukikaribia kasi ya sauti, ambayo ni kilomita 1225 kwa saa hivi, ukinzani wa bodi hauko palepale tena, na jibu lako litakuwa dogo kuliko ukweli.

Natengeneza gemu langu kwa Unity. Nimetumia WheelCollider (kifaa cha Unity kinachoigiza tairi) nne na sijabadilisha springi wala shokapu. Nikibonyeza kucheza, gari linaruka juu kama limepigwa bomu. Nikiweka uzito wa lori, tumbo linalala chini. Springi zile zina kasoro?
*Fundi Chipukizi*

Hazina kasoro. Zimetengenezewa gari la uzito fulani, na wewe umezipa mengine mawili.

Springi ya kuanzia ni 35000, shokapu ni 4500, na safari ya springi ni mita 0.3. Weka juu yake gari la kilo 1400, kila tairi libebe kilo 350. Springi inalala kwa 350 mara 9.81 gawanya kwa 35000: karibu sentimita 10, theluthi moja ya safari. Gawanya 35000 kwa 350 unapata 100, kipeuo cha pili chake ni 10. Gawanya 10 kwa 6.28: gari linanesa mara 1.6 kwa sekunde, mwendo wa gari gumu kidogo la barabarani. Shokapu ya kuzuia kabisa kunesa ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha 35000 mara 350, yaani 7000. Wewe una 4500, asilimia 64 yake. Hapo ni pazuri mno. Aliyechagua namba hizo alijua gari analolifikiria.

Tatizo la kwanza: mwili wa kitu kipya kwenye Unity huja na uzito wa kilo 1. Hukuubadilisha. Kila tairi linabeba robo kilo kwenye springi ya 35000, na kitu cha namna hiyo kinataka kunesa karibu mara 60 kwa sekunde. Injini ya gemu hupiga hesabu za fizikia mara 50 kwa sekunde. Kabla haijapiga hesabu inayofuata, springi imeshamaliza safari nzima na kurudi. Kosa linajumlishwa juu ya kosa, gari linapaa. Andika 1400 kwenye uzito na litatulia.

Tatizo la pili ni kinyume chake. Lori la kilo 8000 kwa tairi nne ni kilo 2000 kila moja. Springi ya 35000 ingelala kwa sentimita 56, nayo safari ni 30 tu. Ndiyo maana tumbo linagusa. Dawa ni kuzidisha springi na shokapu kwa uwiano wa uzito. 2000 gawanya kwa 350 ni 5.71, basi springi 200,000 na shokapu 25,700. Mneso unabaki mara 1.6. Kwa lori unaweza kupenda laini zaidi. Shusha zote mbili, lakini springi ikishuka kwa nusu, shokapu ishuke kwa asilimia 30 tu, la sivyo litayumba muda mrefu baada ya kila tuta.

Kabla hujaendelea, angalia na kimo cha kitovu cha graviti. Unity hukikokotoa kutokana na maumbo ya mgongano uliyoyaweka, na kwa kuwa kabati la abiria limechorwa kubwa, kitovu hukaa juu mno. Gawanya upana kati ya tairi za kushoto na kulia kwa mara mbili ya kimo cha kitovu. Upana wa mita 1.5 na kimo cha 0.75 unatoa 1.0: gari litapinduka likifikia mara 1 ya mvutano kwenye kona. Tairi zako zikiwa na mshiko wa 1.36, litapinduka kabla halijateleza, na mchezaji ataona kila kona ni ajali. Shusha kitovu hadi mita 0.5, kiwango kinapanda hadi 1.5, na sasa litateleza kwanza. Watunzi wengi hukishusha hadi chini ya chesisi ili wasisumbuke. Gari halipinduki kamwe, lakini pia halilali kwenye kona na linakuwa kama sahani inayosukumwa mezani. Shusha kadiri inavyohitajika tu.

Kadi ya gari moja la gemu inasema: nguvu za farasi 500, torki newtonmita 900 kwa mizunguko 6500. Inawezekana?
*Mkaguzi*

Haiwezekani. Torki mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9549, ni kilowati. 900 mara 6500 kwa 9549 ni kilowati 613, sawa na farasi 833. Gari lililofika hapo haliwezi kuwa na kilele cha 500. Aliyeandika kadi alichukua torki ya injini ya dizeli akaibandika kwenye mizunguko ya injini ya mbio. Kwa farasi 500 kwenye 6500, torki ni 540.

Roboti ya Atlas ya BattleTech ina tani 100. Kwenye vitabu vya mchezo wa mezani kasi yake ni kilomita 54 kwa saa, lakini MechWarrior Online inaipa 48.6. Ipi ni sahihi? Na je, roboti ya tani 100 haitazama ardhini?
*Mguu wa Chuma*

Zote mbili zinatoka kwenye injini ileile. Atlas ya kawaida ina injini ya kiwango cha 300. Gawanya kwa tani 100, unapata pointi 3 za kutembea. Kukimbia ni mara moja na nusu, yaani 4.5. Mezani huwezi kusogea nusu ya pembesita (kisanduku cha pembe sita kwenye ubao), kwa hiyo 4.5 inapandishwa kuwa 5. Pembesita moja ni mita 30 na zamu moja ni sekunde 10, hivyo kila pointi ni kilomita 10.8 kwa saa, na 5 zinatoa 54. Gemu la kompyuta halina pembesita, hivyo halina haja ya kupandisha: huzidisha uwiano wa injini kwa 16.2, ambayo ni 10.8 mara moja na nusu, na 3 mara 16.2 ni 48.6. Unayetaka kuchambua mwendo chukua 48.6. 54 ina kilomita 5.4 zilizoingia kwa sababu ya ubao wa kuchezea.

Kuzama kunategemea unyayo. Hesabu eneo lake kwenye mfano wa picha, ukitumia kimo cha roboti kama rula. Tuseme unyayo mmoja ni mita za mraba 6. Akitembea, kuna wakati mguu mmoja unabeba tani zote 100: newtoni 981,000 gawanya kwa 6 ni kilopaskali 163. Kifaru kizito cha kweli hukandamiza ardhi kwa kilopaskali 100 hivi, na tairi la gari dogo hupita 200. Kwa hiyo kwenye lami imara anasimama bila shida. Akikimbia, mguu unapotua hubeba mara mbili ya uzito au zaidi, na hapo ni kilopaskali 330 kwenye eneo kubwa kiasi hicho. Udongo mkavu ulioshindiliwa utastahimili, udongo wa mfinyanzi uliolowa hautastahimili. Zingatia pia kwamba vidole vya mbele hutangulia kutua. Kama ni theluthi moja ya unyayo inayogusa kwanza, zidisha kwa tatu, na hata lami itaacha alama.